Dhima ya Mwenye Debe

Mche wa nyanya uliopandwa shambani na mche wa nyanya uliopandwa ndani ya debe huenda ni watoto wa tunda moja, walakini hali zao hazifanani. Wa shambani hupewa udongo mwingi kuliko unavyoweza kuumaliza. Jua likizidi na ardhi ya juu ikikauka, mizizi yake hushuka kufuata unyevu, na katika udongo mzuri huweza kufika kina cha mita nzima. Chakula kikipungua upande huu, hunyoosha mizizi upande wa pili. Mwenye shamba akisafiri juma zima, yamkini atarudi aukute umesinyaa kidogo lakini u hai, kwa kuwa ulijitafutia. Wa debe hauna pa kwenda. Mzizi wake ukishuka shibiri moja na nusu hukutana na bati; ukienda kando hukutana na bati; kisha huzunguka mumo humo mithili ya ngamia wa kinu cha mafuta. Kila tone la maji utakalokunywa na kila chembe ya chakula utakayokula vitatoka katika mkono wa mtu mmoja.

Mtu huyo, basi, anawiwa nini na mche wake? Najua wapo watakaocheka. Watasema kuwa mche hauna moyo wa kuhuzunika wala ulimi wa kulalamika. Kwamba ulinunuliwa kwa fedha, na mwenye mali ana ruhusa ya kuiacha mali yake iharibike. Wengine, walio wapole zaidi, watasema kuwa deni lipo, lakini ni kwa watu tu: kwa mama aliyetumaini kiungo cha mchuzi, na kwa mtoto aliyeahidiwa tunda la kwanza. Majibu haya mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayanitoshi. Mche wa mwituni ukifa kwa kiu hapana wa kulaumiwa, maana hapana aliyeuzuia kutafuta maji. Mche wa debe ukifa kwa kiu, yupo aliyeuzuia. Aliuondolea uwezo wa kujitafutia, na uwezo ule haukupotea hewani. Ulihamia kwake yeye pamoja na kazi yake. Aliyekinyima kitu njia ya kujisaidia amejitwika kukisaidia. Hilo ndilo niliitalo dhima ya mwenye debe. Sheria na dini hulijua jambo hili zinaponena juu ya yatima na msimamizi wa mali yake. Mimi naona kuwa lina mizizi hata mahali padogo kama roshani.

Nataja roshani kwa sababu katika mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, ambayo wenyeji huiita Eastlands, roshani, ngazi na paa ndivyo vilivyobaki kuwa shamba. Haikuwa hivyo tangu awali. Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940, ulipangwa kwa nyumba za chini zenye nafasi ya majani na miti baina yake, na mtu aliyetaka kupanda aliweza kuinama mlangoni pake akapanda. Umoja nao, ulioanza katika miaka ya 1970, ulianza kwa nyumba ndogo za chini. Leo sehemu yake kubwa imeota maghorofa yaliyosongamana, hata jirani aweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani. Udongo wenyewe wa upande huu wa jiji ni ule mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa huvimba na kunata, na ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mkono. Tena kwa miaka mingi mkulima wa mjini alihesabiwa kuwa mkosaji, na mahindi yaliyopandwa kando ya barabara yaliweza kufyekwa na askari wa jiji. Ni katika mwaka 2015 ndipo Kaunti ya Nairobi ilipopata sheria ya kuhimiza na kusimamia kilimo cha mjini. Kwa hiyo debe, ndoo iliyopasuka, mtungi uliokatwa shingo, tairi kuukuu na gunia vimekuwa ardhi ya wasio na ardhi.

Mwenye shamba huikuta ardhi. Mwenye debe huiumba yake. Hapa ndipo dhima inapoanza, kabla mbegu haijaonja maji. Debe la kale la mafuta ya taa, lenye kuchukua lita 18 hivi, latosha mche mmoja. Mtu mwenye tamaa hupanda mitatu, akijihesabia mavuno mara tatu. Miche hiyo hunyang'anyana chakula kama ndugu waliogombanishwa na urithi mdogo, na yote mitatu huzaa pungufu ya ule mmoja. Debe hutobolewa matundu chini, kwa maana mizizi hupumua, na mche hufa kwa kuzama kama ufavyo kwa kiu. Udongo huchanganywa na samadi iliyooza sawasawa na mchanga kidogo wa kuulegeza; samadi mbichi huunguza. Mche mchanga huzikwa hata shina lake liingie udongoni, kwa sababu mnyanya una sifa ya kuotesha mizizi mipya katika kila sehemu ya shina iliyofukiwa. Katika hili mgeni huyu ni mwepesi wa kujifunza makao mapya. Asili yake ni Amerika ya Kusini; wenyeji wa Meksiko waliulima kabla Wahispania hawajauchukua kwenda Ulaya katika karne ya 16; na leo umezoeleka kwetu hata tunda lake lina jina moja na lile ambalo watoto wengi wa Kenya humwitia mama wa mama yao.

Lakini udongo wa kujaza debe watoka wapi? Swali hili ni zito Eastlands kuliko mahali pengi, maana huko liko jaa kubwa la taka la Dandora. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilitangaza uchunguzi uliofanywa karibu na jaa hilo. Watoto 328 walipimwa, na nusu yao hivi walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiasi kilichofikia au kupita kile kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Na udongo wa mahali hapo ulikuwa na risasi pamoja na madini mengine ya sumu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, tena hudhuru kimyakimya. Udongo wa jaani huonekana mweusi na wenye rutuba, na hauuzwi ghali. Mche hauna uwezo wa kuukataa. Hali kadhalika mtungi uliokuwa na dawa ya wadudu, au kopo la rangi, huwa chombo kizuri machoni na kibaya tumboni. Mchuma janga hula na wa kwao, na janga la namna hii huliwa mezani, kwa kijiko, na watu ambao hawakuulizwa.

Baada ya udongo huja maji, na hapa ndipo tabia ya mlezi inapopimwa kila siku. Mwezi wa Januari na wa Februari, jua linapokuwa kali na mvua za masika bado ziko mbali, debe lenye mche mkubwa laweza kukauka kwa siku moja. Mche huo hutaka maji asubuhi, yamwagwe penye shina wala si juu ya majani, hata yaanze kudondoka chini ya matundu. Si kazi ngumu. Ugumu wake ni kwamba hairuhusu sikukuu. Niwaeleze ugonjwa mmoja ambao naona una mafundisho kuliko yote. Sehemu ya chini ya tunda bichi hutokea doa kama la maji. Siku chache baadaye doa hugeuka jeusi, likabonyea na kukauka kama ngozi ya kiatu. Wakulima huita kuoza kitako. Mwenye mche hutafuta mdudu asimwone, hununua dawa isimsaidie. Kwa hakika hapana mdudu wala ukungu. Tunda limepungukiwa na kalisi, madini yale yaliyomo katika chokaa na katika mifupa yetu. Na aghalabu upungufu huo hauji kwa sababu kalisi haimo udongoni, bali kwa sababu maji yanayoichukua kutoka udongoni hadi kwenye tunda yalikuja leo, yakakosekana siku nne, kisha yakaja kwa gharika.

Mlezi wa mche huo hakuwa bahili. Huenda kwa hesabu ya mwezi mzima alitoa maji mengi kuliko jirani yake ambaye nyanya zake ni nzima. Siku ya Jumamosi, moyo ulipomsuta, alimimina mtungi mzima; na tunda lililokuwa limejikaza kwa kiu likapasuka ngozi kwa shibe ya ghafula. Watu wa namna hii tunawajua. Yuko baba ambaye haonekani nyumbani muhula mzima, kisha huja na viatu vipya, mkate na soda, akashangaa kuona mtoto wake hamkimbilii. Alitoa, tena alitoa vingi. Lakini aliye katika debe haishi kwa jumla ya vitu alivyopewa. Huishi kwa siku moja moja, na kila siku ina kiu yake. Ukarimu ni sifa njema kwa mgeni apitaye. Kwa anayekutegemea kabisa, sifa iliyo bora ni ile isiyo na fahari, yaani kuja tena kesho kwa kiasi kile kile cha leo.

Pana pingamizi iliyo nzito kuliko kicheko cha wale wa kwanza. Mwanzoni mwa mwaka 2017, baada ya mvua kuwa chache na maji ya bwawa la Ndakaini kupungua, jiji lilianza mgawo wa maji, na mitaa mingi ya Eastlands imezoea tangu hapo kuhesabu siku za bomba. Mwanamke anayepanda ngazi za ghorofa ya nne na mtungi wa lita 20 ana haki ya kuuliza: kwa nini maji haya yamwagiwe mche na hali mtoto hajaoga? Nasema pasipo kusita kwamba mtoto hutangulia. Hapana dhima kwa mmea inayoweza kushindana na kiu ya mtu. Lakini hilo halimpi mwenye debe ruhusa ya kusahau. Humpa amri ya kuhesabu mapema. Asiye na maji ya miche minne asipande minne. Maji yaliyosafishia mchele na mboga hayana haja ya kumwagwa shimoni, maana mche hauyakatai, ila yale yenye sabuni nyingi au dawa ya kufulia. Nyasi kavu zikitandazwa juu ya udongo wa debe huuzuia usikaushwe na jua upesi. Wengi hudhani kuwa uadilifu ni kuwa na huruma nyingi. Mara nyingi uadilifu ni hesabu iliyofanywa kabla ya huruma kuhitajika.

Siwezi kutafakari juu ya debe katika mitaa hii nisiikumbuke historia ya mitaa yenyewe. Serikali ya kikoloni ilipotenga makao ya Waafrika upande wa mashariki wa Nairobi, ilitaka nguvu za mfanyakazi lakini haikumtaka mkewe wala watoto wake. Vyumba vingi vilikuwa malazi ya wanaume tu, wengi katika chumba kimoja, wakishiriki bomba na choo. Mwanamume alitakiwa kuchukua kipande, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na bila kazi hakuwa na haki ya kukaa mjini. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil, na makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa. Kisha wale wale waliozijenga kuta hizo waliweza kuandika kwamba Mwafrika wa mjini ni mchafu, mvivu na asiye na makao. Ni kama mtu aliyepanda mche katika kopo la maziwa, akaunyima maji, kisha akaukaripia kwa udogo wa matunda yake.

Hata hivyo mfano huu una mpaka, nami sitaki msomaji auvuke bila kuuona. Mtu si mche. Mche wa nyanya ukiupasulia debe lake siku ya jua kali, umeuua. Fadhila pekee uwezayo kuutendea ni kuulea vema mumo humo. Mtu aliyefungiwa, fadhila ya kwanza kwake ni kufunguliwa mlango. Maji matamu hayahalalishi kuta. Watawala wengi, na wazazi wengi pia, wamelikwepa jambo hili kwa kuonyesha jinsi wanavyolisha vizuri wale waliowafunga. Ukitaka kujua kama ulezi fulani ni wa haki, uliza: je, huyu aleaye anayo haja ya mlelewa kubaki asijiweze? Mwenye nyanya anayo, wala hatendi kosa. Mwalimu, mzazi na serikali wakiwa nayo, wanatenda kosa kubwa.

Turudi roshanini, maana kuna mtu ambaye hatujamtaja: jirani wa chini. Maji yanayodondoka matunduni hudondokea pengine nguo zake zilizoanikwa, nyeupe, siku ya Jumapili. Debe lililowekwa ukingoni bila kufungwa kwa waya laweza kuangushwa na upepo, na chini watoto wanacheza. Sahani kuukuu ya kukingia maji na waya wa kufungia ni vitu vidogo, lakini mtu anayeupenda mche wake kwa hasara ya jirani hajui bado maana ya kupenda. Jirani huyo huyo ndiye utakayemhitaji mwezi wa Desemba, familia inapofunga safari ya kwenda mashambani kwa majuma mawili. Hapo mche huwa amana. Anayeikubali aikubali kweli, kwa kuwa ahadi ya kumwagilia maji haiwezi kutimizwa siku ya kurudi kwa mwenyewe. Na anayeiomba aombe kwa adabu, aonyeshe kipimo cha maji, wala asimwachie mwenzake madebe kumi kama kwamba amemwajiri.

Neno juu ya kisu. Nyanya ziko za namna mbili. Ziko fupi, kama ile iitwayo Cal-J, ambazo hukoma kurefuka na kuzaa karibu kwa pamoja. Na ziko ndefu, kama Money Maker, ambazo hurefuka maadamu zi hai. Nyanya ndefu husimikiwa ufito, shina likafungwa kwa utepe wa nguo bila kukazwa, na vichipukizi vinavyoota kwapani mwa majani huondolewa vingali vidogo, ili nguvu iende katika matunda. Nyanya fupi ukizikata hivyo umejipunguzia mavuno bure. Mlezi asiyejua tofauti hii huzikata zote sawasawa, akajiona ana nidhamu. Nidhamu ya kweli humtaka kwanza amjue anayemkata. Yapo pia mambo ambayo debe huyazuia pasipo mtu kudhani. Ua la nyanya lina uume na uke ndani yake lenyewe, lakini hupenda kutikiswa ili chavua ianguke. Shambani upepo na nyuki huifanya kazi hiyo. Katika roshani iliyozungukwa na kuta pande tatu, ukidonoa shina la maua kwa kidole wakati wa adhuhuri umelipa sehemu ya deni uliyokuwa huijui.

Linabaki jambo lililo gumu. Kati ya Juni na Agosti mawingu huukalia mji wa Nairobi, baridi na manyunyu huzidi, na ndiyo hali ipendwayo na ugonjwa wa bakajani. Majani hupata mabaka ya kahawia yenye ukingo uliolowa, shina huweusika, na matunda huoza mche ukingali umesimama. Ni ugonjwa ule ule ulioangamiza viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845 na kuua watu wengi kwa njaa. Mbegu zake husafiri kwa upepo. Tuseme, basi, kwamba juu ya paa moja yako madebe ishirini ya wapangaji kumi, na lako moja limepatwa. Mche wako una matunda sita yaliyokaribia kuiva. Ukiuvumilia siku kumi huenda ukayapata matatu. Nimesema kuwa unawiwa na mche huu kwa kuwa uliufunga. Lakini hukuwafunga wengine wakuamini? Wapangaji tisa wameweka madebe yao penye upepo mmoja na lako wakidhani kuwa utatenda kama ambavyo wangetenda wao.

Ung'oe. Ufanye siku ile ile uliyoutambua ugonjwa, asubuhi kungali hakuna upepo. Uuingize pamoja na majani yaliyoanguka ndani ya mfuko, uufunge, wala usiutupe katika lundo la mboji. Uwaambie wenzako wayakague majani yao, upande wa chini hasa. Debe lioshwe. Udongo wake usipewe nyanya tena msimu unaofuata, wala viazi, biringani au pilipili, ambazo ni za ukoo mmoja na hurithishana maradhi; upewe maharagwe au sukuma wiki, ambayo huvumilia baridi ya Julai vizuri.